Jiwe la Kijani Chini ya Udaga

Mimi ni mtu wa barazani. Cherehani yangu iko barazani, kiti changu kiko barazani, na wateja wangu hapa Musoma wanajua kwamba fundi huyu hafuati mtu nyumbani kwake kumpima. Anayetaka suruali aje mwenyewe na kiuno chake. Mke wangu anasema siku nikipotea hatahangaika kutangaza, ataangalia nyuma ya cherehani tu.

Kwa hiyo siku shangazi yangu aliponipigia kutoka Mwitongo, kule Butiama, akasema, "Baba, njoo uangalie jiwe," nilimwambia anitumie picha.

"Picha ya nini? Mimi nimelikalia hapa. Njoo."

Ananiita baba kwa sababu jina langu ni la baba yake. Ni heshima, lakini ina hasara yake. Baba akiitwa na binti yake hawezi kujitetea kwamba ana kola tatu za kugeuza.

Jiwe lenyewe nalijua tangu utoto. Ni jabali tambarare lililolala nyuma ya jiko lake, pana kiasi cha kuegesha matrekta mawili. Hapo ndipo anapoanika udaga. Muhogo unamenywa, unavundikwa chini ya majani mpaka unaota ukungu, unakwanguliwa, unavunjwavunjwa, kisha unalazwa juani mpaka ukiugonga unalia kama chaki. Ukisagwa ndio unga wa ugali tuliokua nao. Mama mkwe wake aliuanika hapo hapo, na mama mkwe wa mama mkwe wake vilevile. Mimi kila likizo nilikuwa kwake, na kila muhula nilirudi shuleni na mfuko wa unga huo.

Katikati ya jabali hilo unapita mshipa wa kijani, upana wa kiganja, na pembeni yake jiwe lina wekundu mpole kama nyama ya pera. Tulipokuwa watoto tulishindana kutembea juu ya ule mshipa bila kukanyaga nje. Hakuna aliyewahi kuuliza ni kitu gani. Ilikuwa kama kuuliza kwa nini jiko lina moshi.

Nilipofika nilikuta mambo matatu. La kwanza, shangazi amekaa pembezoni mwa jabali na fimbo ya kufukuzia kuku. La pili, jabali zima limefunikwa na udaga, halina hata pa kuweka mguu. La tatu, matairi manne makuukuu yamepangwa kando, na juu ya tairi moja ameketi binamu yangu, mtoto mkubwa wa shangazi, anatafuna muwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umechelewa."

"Babu!" binamu akadakia. Maana kama mimi ni baba wa mama yake, basi yeye ni mjukuu wangu, na kwetu mtoto wa shangazi ana ruhusa ya kukutania hata msibani. "Babu, karibu. Hata wewe umetoka nje? Jua halijakuumiza? Haya, mwambie binti yako aanue."

Nikaelezwa. Kuna mtu alipita akitafuta ng'ombe wa kununua, akaomba maji, akaliona jabali limeloa baada ya mvua. Akasema mawe ya kijani kama hayo yanachimbwa huko mbali, na waliokuwa nayo siku hizi hawalimi tena. Akanywa maji yake akaenda zake. Binamu tangu siku hiyo hakulala vizuri. Akakusanya matairi. Jabali unalichomea matairi juu yake mpaka linakuwa jekundu, unalimwagia maji ya baridi, linapasuka lenyewe. Hiyo njia kwetu kila mtu anaijua.

Lakini kuna jambo jingine kwetu ambalo kila mtu analijua. Udaga wa mtu ukiwa juani hauguswi na mwingine. Mvua ikija, sawa, kila mkono unasaidia. Jua likiwaka, anayeanua ni aliyeanika. Hata mtoto wa kumzaa haondoi udaga wa mama yake bila kutumwa, na huwezi kuwasha moto juu ya chakula cha mtu. Kwa hiyo shangazi alifanya hivi: fungu likikauka, kabla hajaanua la upande huu, keshamwaga bichi upande ule. Jabali halikuwa tupu hata saa moja.

"Wiki ya ngapi hii?" nikauliza.

"Ya tatu," binamu akasema. "Ameng'oa muhogo mpaka ule mchanga. Mama, hiyo si muhogo, hiyo ni mizizi."

"Mizizi nayo inakauka," shangazi akamjibu, bila kugeuza shingo. Kisha akaniambia mimi, taratibu, kama mtu anayetoa vipimo vya nguo: "Baba, mimi si mjinga. Kama jiwe ni lenyewe, nitaanua, nitaanikaga kwenye turubai kama watu wa mjini, wavunje. Kama si lenyewe, hakuna wa kunivunjia. Wewe ndiye ulikuwaga unaokota mawe. Sema."

Hapo ndipo aibu ilipoanzia. Ni kweli nikiwa kidato cha pili nilikuwa na boksi la mawe chini ya kitanda cha bwenini. Mwalimu wa Jiografia alinisifu mara moja mbele ya darasa, nami nikaibeba ile sifa mpaka likizo, nikaitandaza kwa shangazi kama vile nimerudi na cheti. Kidato cha nne matokeo yalikuja, yakanielekeza kwenye cherehani. Familia ikasahau matokeo. Boksi la mawe hawakulisahau.

Nilichuchumaa. Nikasogeza vipande viwili vya udaga kwa ruhusa ya mwenyewe, nikautazama mshipa. Ulikuwa kijani kinachoelekea manjano, umelainika, unang'aa kidogo. Nikatikisa kichwa kama daktari. Ukweli ni kwamba sikuwa na wazo lolote.

"Nahitaji kwenda kupima," nikasema.

"Lipime kwa kichwa chako," binamu akasema. "Si ndio kipimo ulichokuja nacho?"

"Zimebaki siku ngapi, shangazi?"

"Fungu moja la muhogo. Siku sita, saba. Jua likipungua, nane."

Pembeni, pale binamu alipokuwa amejaribu nyundo kabla hajakatazwa, palikuwa na vipande vitatu vimebanduka. Nikavitia kwenye mfuko wa kitambaa ninaowekea vifungo, nikaondoka.

Nyumbani nilianza na simu. Nilipiga picha kipande kimoja, nikakiuliza kile kitu cha kutambua picha. Kikasema zumaridi. Nikahamia kivulini, nikapiga tena. Kikasema ni jiwe la huko Uchina la kuchongea bangili. Nikakilowesha nikapiga mara ya tatu, kikasema sabuni ya mwarobaini. Mke wangu, aliyekuwa ananitazama, akasema hiyo ya tatu walau ingetufaa.

Nikamkumbuka mwenzangu wa darasani ambaye sasa anafundisha Kemia sekondari moja ya Bunda. Nikampigia, akasema njoo kesho saa sita. Mimi, mtu wa barazani, nikapanda basi la pili ndani ya wiki moja. Mke wangu alinisindikiza mpaka kizingitini, akawaambia majirani nimeitwa na serikali.

Karibu kuingia Bunda basi lilisimama kubadilisha tairi. Tukashuka. Kando ya barabara palikuwa na malundo ya kokoto, na mama mmoja ameketi chini ya mwavuli uliochanika, mguu mmoja umenyooka, anagonga mawe kwa nyundo. Nikatazama lundo lake. Lilikuwa na wekundu wa pera. Na katikati ya wekundu, kijani.

Nikasalimia. Nikaomba kushika. Kisha nikafanya jambo ambalo fundi cherehani yeyote angefanya: nikatoa kibunda cha uzi mfukoni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechagua uzi unaofanana na jiwe la shangazi, kijani cha parachichi bichi lililokatwa, kama ninavyochagua uzi wa kitenge cha mteja. Nikaulaza ule uzi juu ya jiwe la kokoto. Ukapotea. Haukuonekana kabisa.

"Kaka, unashonaga mawe?" yule mama akaniuliza.

"Natafuta jina lake."

"Hili? Sisi tunaliitaga mboga." Akalipindua kwa ncha ya nyundo. "Huu wekundu ni ugali, hii kijani ni mboga. Mboga ndio inayochosha mkono. Inakata ngozi, tazama." Akanionyesha kidole gumba. "Mwenye gari akija anachagua ugali mtupu, hataki mboga nyingi."

"Linatoka wapi?"

Akanionyesha kwa nyundo kilima kilichokuwa nyuma yangu, chote, kuanzia chini mpaka juu. "Hapo. Na hapo. Na kule unakotoka. Unatoka wapi kwanza?"

"Musoma."

"Basi na kwenu lipo, hamtazami tu."

Alinipa vipande vinne. Nikavitia mfukoni, kwenye mfuko ule ule wa vifungo, pamoja na vitatu vya shangazi. Sikuweka alama. Mimi, ambaye kila kitambaa cha mteja nakibania karatasi yenye jina, kiuno na tarehe, ambaye sijawahi kumpa mtu suruali ya mwenzake, nilimwaga mawe saba kwenye mfuko mmoja, nikapanda basi, yakagongana mpaka Bunda.

Mwenzangu aliyapokea kwenye maabara ya shule, akayapanga mezani.

"Yapi ni ya shangazi yako?"

Nikayatazama. Nikageuza moja, nikageuza la pili.

"Haya," nikasema, nikagusa matatu.

"Una hakika?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaanza kazi. Alikwaruza kioo kwa jiwe la kijani, kioo kikachorwa. Akalidondoshea asidi, halikutoa povu. "Mawe mengi ya kijani yenye shaba yangechemka hapa," akasema. Akalisugua nyuma ya kigae, pale pasipo na rangi, likaacha vumbi jeupe linaloelekea kijivu. Kwa kila kipimo alifanya mawe mawili matatu, na majibu yalikuwa yale yale.

"Nadhani ni epidoti," akasema hatimaye. "Ni silikati, madini ya ukoo mmoja na mchanga wa kutengenezea kioo. Jiwe gumu kama granaiti likipikwa na maji ya moto huko chini ya ardhi, mara nyingi linaota hii."

"Na zumaridi?"

"Zumaridi nayo ni silikati."

"Kumbe ni ndugu!"

"Ni ndugu kama wewe na mkimbiaji wa marathoni mlivyo ndugu. Wote ni watu." Akanitazama. "Hata chaki yako ya kuchorea nguo, kama ni ile ya jiwe, nayo ni silikati."

Hapo alinipoteza moja kwa moja. Nilikuwa nimekuja na jiwe moja nisilolijua, naondoka nikiwa siijui hata chaki yangu.

"Kwa hiyo nimwambie shangazi ni hakika?"

"Mwambie nadhani. Kwa hakika kamili lazima upeleke maabara kubwa, mbali. Ila kuna kipimo kimoja cha nyumbani. Tafuta jiwe jeupe la kwatzi, lile la kung'aa. Zumaridi inaikwaruza kwatzi. Epidoti haiwezi. Kijani kikichora cheupe, nipigie haraka. Kisipochora, shangazi yako aanike udaga wake."

Kwatzi nilipata kwenye kifusi cha jirani. Nikakaa barazani, nikakwaruza. Ukatokea mstari. Nikaufuta kwa kidole, nusu ya mstari ikaondoka. Nusu ikabaki, au nilidhani imebaki. Je, cheupe kimechorwa na kijani, au ni vumbi la kijani lililosagika juu ya cheupe? Nikageuza, nikakwaruza kijani kwa cheupe. Mstari ukatokea huko nako. Nikajaribu jiwe la pili, la tatu. Mengine yalichora, mengine yalichorwa, mengine yalifanya yote mawili. Nikataka kuhakikisha kama bado yanachora kioo, nikasahau kioo kilichokuwa mbele yangu ni kile wanachojitazamia wateja.

"Vizuri," mke wangu akasema. "Sasa kila atakayejaribu shati atajiona ana kovu la usoni."

"Nafanya utafiti."

"Naona. Na suruali za kwaya zinajishona."

Nikampigia shangazi kumuuliza hali ya muhogo.

"Umekwisha. Fungu la mwisho nimeanika jana," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia. "Sasa hivi ule uliokauka naugeuza tu, naunyunyizia maji kidogo ili ukauke tena. Baba, udaga ukiloweshwa mara nyingi unaharibika. Sema basi."

Nilikata simu nikakaa. Nikiliita jiwe epidoti, na kumbe ni zumaridi, nimewafungia ndugu zangu mlango ambao hautafunguka tena, na binamu atanikumbusha mpaka kaburini. Nikiliita zumaridi, na kumbe ni mboga ya kokoto, shangazi atakosa pa kuanikia, na mimi ndiye niliyekula udaga wake miaka yote. Nilikuwa na mawe saba, uzi mmoja, kioo kilichochubuka, na akili ya kidato cha nne iliyokaa muda mrefu bila kutumika.

Kesho yake nikaenda Mwitongo bila jibu.

Binamu alikuwa ameshapanga matairi upya, karibu zaidi. Shangazi alikuwa pale pale. Udaga juu ya jabali ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na harufu yake nilijua si nzuri.

"Babu, leta hukumu," binamu akasema.

Nikatandika kitambaa chini, nikamimina mawe saba. "Matatu ya humu ni ya jabali hili. Umeyavunja mwenyewe kwa nyundo yako. Yachague."

"Unanipima mimi?"

"Chagua."

Akachuchumaa. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akalowesha moja kwa mate, akaliinua juani. Akaweka matatu upande wake, akasema kwa uhakika wote, "Haya. Mali inajionyesha yenyewe. Tazama linavyowaka."

Shangazi akasema, "Hebu," akasogea. Hakuyatazama juani. Aliyanusa. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kila moja, akachagua matatu yake. Moja tu lilikuwa lile lile alilochagua mwanawe.

"Sasa nani kapata?" binamu akaniuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Niliyachanganya. Yalikuwa mfuko mmoja, sikuweka alama."

Binamu akanitazama kama anayetazama suruali aliyoshonewa mguu mmoja mrefu. "Kwa hiyo wewe uliyebeba, hujui. Mimi niliyevunja, ama nimekosea mimi ama amekosea mama. Na wewe ndio mtaalamu?"

"Ndiye huyo aliyekuwepo."

Binamu akalichukua jiwe moja kutoka kwenye matatu yake, lile lililowaka kuliko yote, akaligeuza. Nikatoa uzi, nikaulaza juu ya kila jiwe, la kwanza mpaka la saba, na kila mahali ulipotea. Hilo nililifanya kwa sababu ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri.

"Haya mengine," akauliza polepole, "umeyatoa wapi?"

"Kwenye lundo la kokoto, kuingia Bunda. Kilima kizima. Wanamwaga kwenye misingi ya vyoo. Wenye magari wanayakataa."

"Mbona huko hayang'ai kama hapa? Mbona sijawahi kuyaona?"

Shangazi akamjibu kabla yangu. "Huko nani anayasugua?" Akapiga jabali kwa fimbo ya kuku. "Hapa tumekwangua ukungu, tumefagia, tumeanika, tumefagia. Mimi peke yangu miaka mingapi? Ungefagiwa hivyo hata wewe ungeng'aa."

Binamu alicheka bila kupenda. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi, na safari hii hakuniita babu.

"Ukikosea je?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba mwenzangu amesema anadhani. Kwamba kipimo cha kwatzi kimenishinda. Kwamba nikikosea, jabali litakuwa hapa hapa, anaweza kuja na mtaalamu wa kweli siku yoyote, lakini akishalipasua na kumbe ni kokoto, hakuna atakayeliunga.

Binamu akainuka, akalisukuma tairi moja kwa mguu, likabingirika mpaka kwenye zizi, likalala huko. Mengine matatu aliyaacha. Alisema atayakata, ng'ombe wayanywee maji. Alisema pia kwamba suruali yake ya Krismasi nitaishona kwanza kabla ya watu wote.

Ndipo shangazi akaanza kuanua. Alinituma na mimi, kwa hiyo niliruhusiwa kugusa. Nusu ya udaga ule tulipeleka kwa kuku. Jabali lilipobaki tupu, kwa mara ya kwanza baada ya karibu mwezi, alichota maji akalimwagia, akalifagia. Mshipa ukatokea wote, kutoka jikoni mpaka kwenye mgomba.

"Linaitwaje ulivyosema?"

"Epidoti. Nadhani."

"Epidoti." Akalitafuna lile neno. "Kama dawa ya minyoo."

Nilirudi barazani na mawe yangu saba. Nikayapanga dirishani, na kila moja nikalifunga kipande cha kitambaa chenye maandishi, kama ninavyofanya kwa nguo. Kwenye yote saba niliandika maneno yale yale: Mwitongo au Bunda. Wateja wakijaribu shati mbele ya kioo chenye kovu huuliza ni ya nini, nami huwaambia ni silikati, wakitaka ziada nawaambia hata chaki ni silikati, basi wananyamaza. Kuna siku huwa naamka nikiamini tumechoma utajiri wa ukoo kwa kutokuuchoma. Ikifika saa nne nimeshabadilisha mawazo.

Muhogo mpya ulipokomaa shangazi alituletea unga. Mke wangu akasonga ugali, tukakaa kula na sato. Tonge la tatu akaacha ghafla kutafuna, akashika shavu.

"Fundi," akasema. "Jino langu."

Akatema kiganjani. Katikati ya ugali palikuwa na chembe, ndogo kama kichwa cha pini, kijani cha parachichi bichi. Niliiosha. Nikaleta uzi, nikaulaza juu yake, ingawa safari hii haikuwa lazima. Nikaiviringisha kwenye kipande cha kitambaa cheupe, nikaandika Mwitongo, bila au, nikaiweka dirishani mbele ya yale saba.

Mke wangu akauliza kama nimemaliza utafiti, maana mboga inapoa.